Zamu ya Maji: Samaki na Mboga Nyumbani Chini ya Mlima Meru

Mtu akisimama mjini Arusha asubuhi na mapema, mawingu yakiwa hayajapanda, huuona Mlima Meru umeinuka upande wa kaskazini, kilele chake kikiwa zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mlimani humo hushuka mito ya Themi, Kijenge na Ngarenaro ipitayo mjini, na upande wa mashariki hushuka mto Usa na mto wa Maji ya Chai. Habari za watu wa mlima huu zimezoeleka kusimuliwa kwa vita, kwa ukoloni na kwa kahawa. Zaweza pia kusimuliwa kwa maji, yaani jinsi yalivyoongozwa, yalivyogawanywa na yalivyogombewa.

Katika miaka ya karibuni limeingia neno geni katika miji ya Afrika ya Mashariki, nalo ni akwaponiki. Maana yake ni kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, yakitoka katika tangi la samaki kwenda penye mizizi ya mboga, kisha yakirudi kwa samaki yakiwa yamesafika. Lisikiwapo mara ya kwanza, huonekana kuwa ni jambo la vyombo tu: tangi, pampu na mabomba. Lakini mwenye kulipima kwa historia ya Meru ataona ya kuwa nusu ya elimu hiyo ilikuwapo mlimani tangu zamani, na nusu ya pili ilikwisha kujaribiwa nchini Tanganyika ikashindwa. Yafaa mwanzilishi azijue habari zote mbili kabla hajanunua hata ndoo.

Habari ya kwanza ni ya mfereji. Upande wa kaskazini-magharibi ya Arusha, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yako magofu ya Engaruka. Wenyeji wake, walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18, waliyaongoza maji ya vijito vya mlimani kwa mifereji iliyozungushiwa mawe, wakanywesha mashamba yaliyoenea kiasi cha hekta 2,000 katika nchi kavu. Hali kadhalika katika miteremko ya Meru yenyewe, Wameru, na baada yao Waarusha waliokuja kukaa upande wa kusini-magharibi katika karne ya 19, walichimba mifereji kunywesha migomba na nafaka zao, na baadaye kahawa. Mingine katika mifereji ya mlimani ingali inatumika hata leo.

Anayeutazama mfereji kwa macho huona shimo refu lipitalo maji. Asichokiona ni mapatano yanayoyafanya maji yapite. Mfereji ulikuwa na wazee wake, na ulikuwa na siku zake: leo maji ni ya nyumba hii, kesho ni ya nyumba ile. Ulikuwa na siku ya kuondoa matope na majani, na aliyekwepa kazi hiyo alitozwa faini au alinyimwa maji. Mtu aliyeyafungulia maji usiku katika zamu ya mwenzake alijua ya kuwa kosa lake litazungumzwa barazani. Kwa ajili hiyo mfereji uliwapita waliouchimba ukarithiwa na wajukuu. Neno kubwa la mfereji lilikuwa zamu.

Ardhi nayo ilianza kupungua. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, na katika miaka iliyofuata mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima upande wa chini, hata wenyeji wakabaki wamebanwa kati ya mashamba hayo na msitu wa Serikali ulio juu. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki ili nchi yao ipewe walowezi wa kufuga ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akawatolea hoja mbele ya Umoja wa Mataifa, na jambo hilo likawa mojawapo ya visa vilivyoiamsha Tanganyika kisiasa. Lakini hata baada ya uhuru mlima haukupanuka. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, na la wana likagawanywa kwa wajukuu, hata kijana wa leo aghalabu hurithi kipande kisichotosha kulisha nyumba. Hiki ndicho kiini cha shauku ya sasa ya kupanda mboga katika tangi: mtu aliyekosa eka hutafuta namna ya kupata chakula katika mita chache za uani.

Habari ya pili ni ya kidimbwi. Wazungu wa wakati wa ukoloni walileta samaki aina ya trauti na kuwatia katika mito baridi ya nyanda za juu. Samaki hao waliletwa kwa mchezo wa kuvua kwa ndoana, wala havikuwa kitoweo cha raia. Mwaka 1949 ndipo yalipoanza majaribio ya kufuga perege kwa ajili ya chakula, huko Korogwe katika Tanga na Malya katika Mwanza. Matumaini yalikuwa makubwa. Perege, ambaye watu wa Ziwa Viktoria humwita sato, hula majani na mabaki, hustahimili maji mabovu, na huzaa upesi. Vidimbwi vikachimbwa nchi nzima. Mwaka 1967, ndio mwaka wa Azimio la Arusha, Serikali ilianzisha kampeni ya taifa ya ufugaji wa samaki, na kufikia mwaka 1968 vilihesabiwa vidimbwi vipatavyo 8,000.

Hata hivyo samaki waliovuliwa humo walikuwa wachache mno. Vidimbwi vingine vilikuwa na eneo la mita za mraba 20 tu, sawa na chumba kimoja cha nyumba. Ukame ulivikausha vingine. Njia mbovu zilimzuia bwana samaki kuvifikia, na ufundi uliofundishwa haukufaa kila mahali. Zaidi ya hayo, ile sifa ya perege ya kuzaa upesi iligeuka kuwa balaa: kidimbwi kisichovunwa kwa mpango hujaa samaki wengi wanaogombea chakula kidogo, nao wote hudumaa. Mfugaji aliyetazamia kitoweo alikuta dagaa. Kampeni ile haikufaulu, na ilikuwa hadi mwaka 1972 ufugaji wa samaki ulipopewa nafasi katika sera ya uvuvi.

Hesabu iliyofanywa mwanzoni mwa karne hii ilitaja vidimbwi 14,100 katika Tanzania Bara, kila kimoja kwa wastani kikiwa na mita za mraba 150. Mikoa iliyokuwa na zaidi ya 1,000 ilikuwa minne: Ruvuma, Iringa, Mbeya na Kilimanjaro. Arusha haikuwamo, ingawa Kilimanjaro ni jirani yake wa karibu na mifereji ya milima hiyo miwili yafanana. Sababu za tofauti hii zaweza kuwa nyingi. Wamaasai kwa desturi hawakula samaki, na Waarusha ni ndugu zao kwa lugha. Ardhi ilikuwa finyu, na baridi ya mlimani haimpendezi perege. Iwayo yote, mwanzilishi wa Arusha hana mazoea mengi ya vidimbwi ya kuegemea. Urithi wake mkubwa ni mfereji.

Tukio la kidimbwi halikuwa la aibu, wala waliochimba hawakuwa wavivu. Lakini tofauti kati yake na mfereji yaonekana wazi. Kidimbwi kilikuja kwa amri na hesabu. Kilichimbwa kwa siku chache, na baada ya hapo hapakuwa na zamu iliyokubaliwa ya nani alishe, nani atoe tope, nani apunguze samaki, na lini. Mfereji ulikuwa na hayo yote kabla haujapitisha tone la maji.

Akwaponiki nayo ina ukoo mrefu. Katika kusini ya China, mathalani wilaya ya Qingtian, wakulima wamefuga samaki ndani ya mashamba ya mpunga kwa zaidi ya miaka 1,000. Samaki hula wadudu na magugu, na mavi yake huurutubisha mpunga. Huko Mexico watu wa kale walipanda mazao juu ya matuta yaliyojengwa ziwani, wakiyarutubisha kwa tope lililozolewa chini ya maji. Watu hao walijua ya kuwa jambo hilo hufaa, lakini siri yake ilifichuka baadaye. Mwaka 1890 mtaalamu Mrusi, Sergei Winogradsky, alithibitisha ya kuwa viko vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoigeuza amonia, na ya kuwa kazi yao ni ya hatua mbili: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kwa samaki, ilhali nitrati ni chakula cha mmea.

Juu ya elimu hiyo ndipo mambo ya sasa yalipojengwa. Mwaka 1969 ilianzishwa nchini Marekani taasisi iliyoitwa New Alchemy Institute, ambayo ilijaribu kufuga samaki na kuotesha mboga pamoja chini ya vifuniko vya kuhifadhi joto. Katika miaka ya 1980 watafiti wa chuo kikuu cha serikali katika North Carolina waliyazungusha maji ya samaki kupitia vitalu vya mchanga, na katika visiwa vya Virgin James Rakocy na wenzake wakaweka perege na mboga katika matangi makubwa kwa miaka mingi. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha kitabu cha mafunzo kwa wenye matangi madogo. Kitabu hicho kilionyesha ya kuwa maji yatumikayo kwa njia hii yaweza kuwa chini ya sehemu moja katika kumi ya yale yanayohitajika kwa mboga zilizopandwa katika udongo. Kwa nchi ambayo watu wake hugombea zamu ya maji, hiyo si habari ndogo.

Basi mwanzilishi aliye Sakina, Tengeru au Usa River aanzeje? Kitu cha kwanza anachopaswa kufuga ni vijidudu vile vya Winogradsky, kwa kuwa samaki hawezi kuishi salama kabla yao. Tangi hujazwa maji, na kitalu hujazwa kokoto. Mawe mepesi yenye matundu, yaliyotapikwa na volkano ya Meru, hufaa sana, maana kila tundu ni nyumba ya vijidudu. Akitumia mawe ya namna nyingine, ayadondoshee siki: yakitoa povu yana chokaa, nayo yatayaharibu maji. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini huachwa wazi siku moja au mbili ili dawa itoke. Kisha maji huzungushwa, na amonia kidogo hutiwa, au chakula cha samaki huachwa kioze humo. Kazi ya vijidudu kuzaliana hutimia aghalabu kwa wiki tatu hadi sita, na mahali penye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Wengi hushindwa hapa. Hununua samaki siku ile ile waliyonunua tangi, na baada ya siku chache huwakuta wanaelea.

Hesabu yake pia yafaa ijulikane mapema. Tangi la lita 1,000 hulisha kwa usalama kilo 10 hadi 20 za samaki. Samaki wenye uzito wa kilo 15 kwa jumla, wakilishwa kiasi cha asilimia moja na nusu ya uzito wao, hula gramu 225 kwa siku. Kila mita ya mraba ya mboga za majani huhitaji mavi yatokanayo na gramu 40 hadi 50 za chakula. Kwa hiyo tangi hilo litatosheleza mita za mraba tano hivi za mchicha, mnafu, figiri au sukumawiki. Huu ni mfano wa mapatano yasiyoandikwa na mtu: samaki wakizidi, maji huwa sumu, mboga zikizidi, majani hugeuka manjano kwa njaa. Mtu aliyelelewa penye mfereji hatashangaa kusikia ya kuwa maji hayampi mmoja zaidi bila kumpunguzia mwingine.

Yako mambo matatu ambayo vitabu vya kigeni haviyatilii mkazo, nayo ndiyo yatakayoamua mambo huko Meru. La kwanza ni baridi. Perege hukua vema katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Joto likishuka chini ya 20 hula kidogo na kudumaa, na mjini Arusha, ulio kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, maji ya tangi la nje hushuka chini ya hapo mwezi wa Juni na wa Julai. Tangi la rangi nyeusi, lililofunikwa na kukingwa upepo, husaidia. Husaidia pia kuanza na vifaranga mwezi wa Septemba, joto linapoanza kupanda, kuliko mwezi wa Mei.

La pili ni umeme. Pampu ikisimama, hewa iliyomo majini huisha, na samaki waliosongamana hufa kwa muda wa saa chache. Mwanzilishi mwenye busara huweka samaki wachache kuliko anavyoruhusiwa, au hufuga kambale, ambaye huweza kuvuta hewa juu ya maji. Tena huwafundisha wote wa nyumbani kuteka maji kwa ndoo na kuyamimina kutoka juu, usiku au mchana, hadi umeme urudi. Hapo mlima wenyewe ni mwalimu: mifereji yake ilipitisha maji kwa mteremko bila mashine yoyote. Mwenye kuweka kitalu juu na tangi chini huhitaji kuyapandisha maji mara moja tu. Kurudi yatarudi yenyewe.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni madini ya floridi. Miamba ya volkano ya Meru huyamimina madini hayo katika chemchemi na visima, na katika sehemu nyingi za mlima kiasi chake hupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Vizazi vya watoto wa Arusha na Meru vimekua na meno ya rangi ya kahawia kwa sababu hiyo, na wengine, hasa kandokando ya Maji ya Chai, wamepindika miguu. Huko Ngurdoto Serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, ambako mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa makaa hutumiwa kuyachuja maji ya kunywa.

Katika tangi lizungushalo maji hatari hii huongezeka polepole bila kuonekana. Jua na majani huondoa maji, lakini floridi hubaki. Tangi la lita 1,000 lenye floridi miligramu 3 kwa lita, likipoteza lita 20 kwa siku na kujazwa kwa maji yale yale, litakuwa limeongezwa lita 1,000 nyingine kwa siku 50. Floridi yake yaweza kukaribia mara mbili ya ile ya mwanzo, isipokuwa ile iliyonyonywa na mimea na mifupa ya samaki. Kumbe njia iliyosifiwa kwa kutunza maji, katika nchi hii yaweza kutunza pia madhara yake. Dawa yake iko juu ya nyumba. Mvua haina floridi ya miamba. Bati lenye eneo la mita za mraba 50 hupokea karibu lita 500 kwa mvua ya milimita 10 tu. Mwenye kukinga mvua za masika na za vuli, na kuyaweka maji hayo kwa ajili ya tangi, huwa amewakinga watoto wake na jambo lililowapata babu zao.

Yote hayo hurejea kwenye neno la mfereji. Baridi, umeme na floridi havishindwi kwa kununua chombo bora zaidi. Hushindwa na mtu aangaliaye maji kila siku. Nyumba inayotaka kuanza na iketi kwanza, baba, mama na watoto, na kugawana zamu: nani atalisha asubuhi, nani atatazama rangi ya maji jioni, nani atasafisha mabomba Jumamosi, nani atasimama na ndoo umeme ukizimika. Na ianze na tangi moja na mita chache za mchicha, ikae nalo msimu mzima wa baridi, kabla haijafikiria la pili. Wazee wa mfereji waliyakubali hayo kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo, na kazi yao ikadumu. Waliochimba vidimbwi 8,000 hawakupewa nafasi ya kukubaliana, na vingi vya vidimbwi vyao vikarudi kuwa majani.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Akwaponiki ni mgeni katika mlima wa Meru, naye amekuja wakati mwenyeji ana shida ya ardhi na ya maji. Ataponyesha, endapo mwenyeji atamfundisha desturi ya nyumba. Na desturi ya kwanza ya nyumba za Meru ni kwamba maji hayana mwenyewe mmoja, yana zamu.